Ubao wa Mtaroni

Mbele ya nyumba yetu hapa Walukuba, Jinja, Uganda, kuna mtaro wa maji ya mvua, na juu yake nimelaza ubao. Ni wa mkalitusi, niliuranda mwenyewe, upana wake sentimita 30. Kila mtu wa nyumba hii huuvuka mara nyingi kwa siku bila hata kuutazama. Kitinda mimba wetu alitimiza miaka minne akiwa hajauvuka kwa miguu yake hata mara moja. Asubuhi nilimbeba kumtoa, jioni mama yake akambeba kumrudisha, mchana kaka zake wakapokezana. Tulimbeba kwa mapenzi, na sikujua kwamba mapenzi hayo yalikuwa yanamchelewesha.

Nyumbani tunamwita Bibi, kwa kuwa amepewa jina la marehemu mama yangu. Ana sindromu ya Down. Sasa ana miaka sita na nusu. Naandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye mtoto wake bado amekaa mkekani huku wenzake wakikimbizana. Nilipokuwa hapo alipo, nilitafuta maelezo kwa Kiswahili, lugha ambayo mtaa wetu unaiongea tangu wazee wetu walipokusanyika hapa kutoka pande zote kutafuta kazi viwandani, na niliambulia maneno machache mno.

Bibi alipokuwa na miezi kumi na minne, bado akianguka kama gunia ukimkalisha, tulimpeleka kwenye kliniki fulani. Mhudumu aliyetupokea alimtazama usoni, akafunga daftari, akasema watoto wa namna hii ni wavivu, atatembea akitaka. Mke wangu hakusema kitu njia nzima hadi nyumbani. Neno lile "mvivu" lilikaa nami miezi mingi, na kibaya zaidi, lilinifanya nisijaribu chochote. Mtu mvivu unamngoja aamke mwenyewe.

Haikuwa hivyo. Mtoto mwenye sindromu ya Down kwa kawaida amezaliwa na kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili; kromosomu ni zile nyuzi ndogo ndani ya chembe za mwili zinazobeba urithi. Daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliieleza hali hii mwaka 1866, na ilichukua hadi 1959 ndipo watafiti wa Paris, miongoni mwao Marthe Gautier na Jérôme Lejeune, walipoionyesha ile kromosomu ya ziada. Ndiyo maana siku yao ulimwenguni ni tarehe 21 Machi: mwezi wa tatu, tarehe 21. Ile nyongeza moja huacha alama sehemu nyingi za mwili, na mojawapo ni namna misuli na viungo vinavyoshikana.

Mimi ni seremala, kwa hiyo niruhusuni niliseme kwa kazi yangu. Mteja akiniletea kigoda kinachoyumba, sikimbilii kubadilisha miguu. Mara nyingi miguu ni mizima kabisa, mvule mtupu. Kilichoharibika ni maungio: ulimi umepwaya ndani ya tundu lake, na kila ukikalia, kila mguu unakwenda upande wake. Mwili wa Bibi ulikuwa hivyo. Misuli yake ni laini hata akiwa ametulia; alipokuwa mchanga, ukimnyanyua kwa kushika makwapani alikuwa anateleza kupita katikati ya mikono kama sato aliyetoka ziwani. Kano zinazofunga mfupa kwa mfupa zimelegea, hivyo nyonga zinafunguka, magoti yanarudi nyuma kupita kiasi, nyayo zinalala chini zote. Tena sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, serebela, ambayo ndiyo inayopanga mwili usianguke, kwa watoto hawa huwa ndogo kuliko kwa wengine. Nilipoelezwa hayo nilishusha pumzi. Kigoda kinachopwaya maungio nakijua. Hakilaumiwi, kinafanyiwa kazi.

Aliyenieleza ni mtaalamu wa viungo, dada mmoja aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi kwenye kituo ambako mke wangu alisikia wazazi wengine wanakutana. Nyumbani tukampa jina la Dada wa Mazoezi. Kabla hajamgusa mtoto aliuliza swali moja: moyo umepimwa?

Ulikuwa haujapimwa. Nikaja kujua kwamba karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na kwamba mtoto anayechoka haraka, anayetoka jasho akinyonya, anayegeuka rangi midomoni, huenda mazoezi yakamdhuru kabla hayajamfaa. Tukapanda teksi ya alfajiri kwenda Kampala, kilomita kama themanini, tukapita msitu wa Mabira ungali na ukungu, hadi Taasisi ya Moyo pale Mulago. Walimpaka mafuta kifuani wakapitisha kile kidude kinachoonyesha moyo kwenye skrini. Kulikuwa na tundu dogo. Walituambia linafuatiliwa tu, mtoto acheze, na baadaye lilijiziba lenyewe. Najua familia ambazo hazikupata jibu hilo. Ndiyo maana nalisema mwanzo: moyo kwanza. Baada ya hapo, damu ipimwe kuangalia tezi la shingoni, kwa kuwa likizubaa mtoto huwa mzito na mchovu na watu wakadhani ni tabia. Masikio pia yaangaliwe, maana maji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio, na macho. Bibi alipovaa miwani mara ya kwanza aliinama akagusa kizingiti cha mlango kwa kidole. Alikuwa akikikwaa kila siku bila kukiona sawasawa.

Kabla ya Dada wa Mazoezi tulifanya kosa ambalo bado linaniuma. Mzee mmoja jirani, mtu mwema ambaye watoto wangu wote wanamwita babu, alituambia dawa ya mtoto asiyesimama ni kuchimba shimo, kumsimamisha ndani, na kumfukia kwa mchanga hadi kiunoni. Tulifanya hivyo siku mbili. Alisimama, kweli, wima kama nguzo, huku akilia hadi sauti ikakauka. Siku ya tatu mke wangu alifukia shimo tupu kwa jembe na hakutaka kulijadili. Nilipomsimulia Dada wa Mazoezi, hakunigombeza. Alisema, "Baba, pale aliyesimama ni mchanga." Kisha akatazama mikono yangu, ambayo wakati ule ilikuwa imemshika Bibi mikono yote miwili juu ya kichwa, kama watu wote wanavyomshika mtoto anayejifunza kutembea, akasema, "Na hapa anayesimama ni mikono yako."

Akaniondoa taratibu. Akamshika Bibi nyongani, kwa viganja vilivyofunguka, akamwacha auone uzito wake mwenyewe. Bibi akayumba. Mikono yangu ikaruka kumdaka, dada akaizuia kwa kiwiko. Bibi akayumba tena, mbele, nyuma, tumbo likakaza, vidole vya miguu vikashika mkeka, akatulia. Sekunde tatu, labda nne. Dada akasema kule kuyumba ndiko zoezi lenyewe. Mwili haujifunzi kusimama kwa kushikwa wima. Hujifunza kwa kuanza kuanguka kidogo na kujirudisha. Kila tunapomdaka mapema mno tunamnyang'anya somo.

Hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka mzazi mwenzangu aondoke nalo, na ndilo gumu kuliko yote, maana mkono wa mzazi unatangulia akili yake.

Watoto wengi hutembea wakiwa na mwaka mmoja hivi. Wenye sindromu ya Down, kwa wastani, hutembea wakikaribia miaka miwili, wengine mapema, wengine baada ya miaka mitatu. Bibi alitembea akiwa na miaka miwili na miezi kumi. Katikati ya hapo kuna kazi. Nilisoma kwamba mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto wachanga 30 wenye sindromu ya Down. Baadhi walikuwa wakishikiliwa na wazazi wao juu ya kimashine kidogo chenye mkanda unaotembea, nyumbani kwao, dakika 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Wale wa mkanda walitembea siku 101 mapema kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Mimi sina mkanda wa kutembea. Kilichonigusa ni zile dakika 8. Nilikuwa nikidhani inahitajika Jumamosi nzima ya jasho. Kumbe kinachojenga ni kidogo kinachorudiwa kila siku, kama unavyopiga msasa: mikono miepesi, mara nyingi.

Kwa hiyo tulianza dakika kumi kila asubuhi kabla sijaenda karakana. Nilimtengenezea kitoroli cha mbao cha kusukuma, chenye magurudumu manne na mpini unaofika kifuani kwake. Cha kwanza kilikuwa chepesi mno. Alikisukuma, kikamkimbia, akaanguka kidevu kwanza, damu ikatoka ulimini. Nilitaka kukipasua kuni. Badala yake nikakiwekea matofali mawili, kikawa kizito kiasi cha kumngoja. Miezi ilipopita nikatoa tofali moja, kisha la pili. Vile vigari vya kumkalisha mtoto katikati huku miguu ikining'inia, Dada wa Mazoezi alivikataa kabisa, na mimi baada ya kuelewa habari ya mchanga sikuhitaji kuambiwa sababu.

Kutembea ni jambo moja, mizani ni jingine. Bibi alipoanza kutembea alipanua miguu kama mtu aliye kwenye mtumbwi, mikono imeinuliwa pembeni, mwili wote unakwenda kushoto na kulia. Kwenye sakafu tambarare alimudu. Kwenye kokoto, kwenye nyasi, kwenye mteremko wa kwenda bombani, alikaa chini. Na ubao wa mtaroni alikuwa akiufikia, anasimama, ananyoosha mikono miwili juu: nibebe.

Nikachukua ubao mwingine wa upana uleule, nikaulaza chini uani, umegusa udongo, hauna pa kumwangusha. Alikataa kuukanyaga. Wiki nzima. Kaka yake mkubwa ndiye aliyepata njia. Aliweka vipande vya ndizi mbivu kila baada ya hatua moja. Bibi akapita akitambaa, akila. Tukamwacha atambae, maana mwenye kutambaa juu ya ubao tayari anaujua ukingo uko wapi. Kisha akapita akiwa amesimama huku nikimshika nyonga, kisha nikimshika mkono mmoja, kisha nikimshikisha ncha ya kamba tu huku ncha nyingine ikiwa mkononi mwangu, na kamba imelegea. Ile kamba ilikuwa haimsaidii chochote, lakini aliihitaji.

Nakumbuka asubuhi aliyoiachia. Nilikuwa nimechutama pembeni, macho yangu yako usawa wa miguu yake. Anatembea pekupeku uani, kwa sababu unyayo mtupu unasikia mbao vizuri zaidi. Viatu vyenye shingo ya kushika kifundo tunaviweka kwa ajili ya shule. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa kushika ukingo, na lile pengo pana kati ya kidole gumba na cha pili, ambalo watoto wengi wa aina yake wanalo, lilikuwa limefunguka kabisa kama uma. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kinatetemeka, ndani, nje, ndani, nje, haraka haraka. Zamani ningeona tetemeko lile ningemdaka. Safari hii nilihesabu moyoni. Nilipofika sita, kifundo kikatulia, mguu wa kulia ukanyanyuka, ukatua mbele. Kisigino kikagusa mbao kwa sauti ndogo. Akatazama kamba ikiwa chini, akanitazama, akaendelea.

Baada ya hapo niliweka ubao juu ya tofali moja kila upande. Kisha nikakata wa sentimita 20, kisha 15. Wembamba una kazi yake: kwenye ubao mwembamba miguu haiwezi kupanuka, lazima ikaribiane, na mwili lazima utafute katikati yake. Kuna siku alipita vizuri na kesho yake akakataa. Malaria ilimlaza siku sita mwezi wa Novemba, na aliporudi uani ilikuwa kana kwamba hajawahi kuuona ubao. Tukarudi kwenye ule mpana. Sikuona haya kurudi nyuma, na sikumwonyesha kwamba tumerudi.

Sasa habari ya shingo, ambayo kwangu ni nzito kuliko mengine yote. Kulegea kwa kano hakuishii magotini. Kwa baadhi ya watoto wenye sindromu ya Down, mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo inasogea kuliko inavyotakiwa, na pale ndipo unapopita ugwe wa mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaotoka ubongoni. Wengi wao hawapati shida yoyote. Lakini tulipoambiwa, niliwakalisha kaka zake na kuwapiga marufuku kumfundisha kupiga kichwangomba, mchezo ambao walikuwa wameuanza juu ya godoro. Yale maputo makubwa ya kurukia yanayotandazwa uwanjani siku za Idi na Krismasi, hapandi kwa sasa. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto mwenye hali hii asirukie trampolini kabla ya miaka 6, na hata baadaye iwe chini ya mtu anayejua. Dalili za kumkimbiza hospitali nimezibandika nyuma ya mlango: shingo kuuma au kichwa kuinama upande mmoja, mtoto aliyekuwa akitembea vizuri kuanza kuyumba upya, mikono au miguu kupoteza nguvu, kuanza tena kujikojolea.

Na hapo likazuka suala la jerikani. Wasichana wa mtaa wetu huteka maji bombani na kuyabeba kichwani, kata ya majani ya kutulizia mzigo chini, jerikani juu, mikono huru, wakipiga soga. Bibi aliwatazama mwaka mzima. Alipojua kutembea vizuri alitaka na yeye. Mzigo kichwani kwake nimeukataa na nitaendelea kuukataa. Siku niliyomkatalia alilala chini kwenye njia ya bombani na kulia, na akina mama waliokuwa kwenye foleni walinitazama kama mzazi katili. Nilichompa ni kijerikani cha lita tatu kwa kila mkono, kila kimoja kikiwa na maji nusu tu. Maji yale yanacheza ndani, yanamvuta huku na huku, naye inabidi ajirudishe kila hatua. Mkono mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine anajifunza kuinama upande wa pili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema watoto wa miaka 5 hadi 17, walio na ulemavu wakiwamo, wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Ukizisikia zinatisha. Safari mbili za bombani kwa mwendo wa Bibi, pamoja na kusimama kumsalimia mama wa mandazi, mbwa na kila boda, hazijamaliza saa lakini zimeanza kuijaza.

Jioni anacheza kwepena na watoto wa mlango wa pili. Ukijua Kiswahili unaujua mchezo huo hata kama hujawahi kufika Uganda, maana neno lenyewe linafanana na kukwepa: wawili wanarusha mpira, wa katikati anakwepa. Zamani alikuwa anapigwa mpira wa kwanza. Watoto walikubaliana wenyewe kumrushia chini, polepole, na sasa anaruka, miguu yote miwili inaacha ardhi. Shuleni, mwalimu wake amesikia kwamba Special Olympics, ile harakati ya michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iliyoanza Chicago mwaka 1968, ina michezo maalumu ya watoto wa miaka 2 hadi 7, ya kutembea juu ya mstari, kupanda kijukwaa, kurusha na kudaka. Nimemchongea mbao nne za shule, bila malipo, na watoto wote wa darasa wanazigombea.

Lakini kata aliendelea kuidai. Jumamosi iliyopita mke wangu alikaa kibarazani, akachukua majani makavu ya mgomba, akayasokota, akamfungia kata yake mwenyewe, ndogo, nyepesi kama kiota cha ndege. Akamwekea kichwani. Haina mzigo, haitakuwa na mzigo. Bibi akanyooka ghafla, kidevu juu, macho mbele, mgongo wima kuliko nilivyowahi kuuona. Maana ukiinama tu inaanguka. Akatembea kutoka kibarazani hadi kwenye mtaro, kijerikani kitupu mkononi, akaukanyaga ubao.

Katikati aliyumba. Kata ikateleza sikioni, ikaanguka mtaroni. Mikono yangu ilikuwa tayari imeinuka, nikaishusha. Yeye hakuanguka. Alisimama palepale juu ya ubao, mguu mmoja mbele ya mwingine, akaitazama kata ikichukuliwa na maji polepole hadi ikapita chini ya ubao wa jirani. Kisha akamalizia hatua mbili zilizobaki, akageuka upande wetu.

"Mama, nyingine."

Mama yake alikuwa ameshaanza kusokota majani.